Likeni adimu ya Erioderma: kuacha mti mmoja hakutoshi

Likeni si mmea. Ni kuvu inayoishi na mpangaji anayeipikia chakula kwa mwanga wa jua. Kwa Erioderma pedicellatum, iliyotangazwa na IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira) mwaka 2003 kuwa hatarini mno kutoweka, mpangaji huyo ni sianobakteria aitwaye Scytonema. Likeni zenye mwani wa kijani huamka kwa unyevu wa hewa tu. Zenye sianobakteria hudai maji hasa, ya mvua au ukungu mzito.

Ndiyo maana mashariki mwa Kanada, hususan Newfoundland na Nova Scotia, likeni hii hupatikana kwenye misitu ya baridi iliyo karibu na bahari, kando ya vinamasi. Hushika gome la Abies balsamea, mti wa jamaa ya misonobari, mara nyingi upande wa kaskazini usiopigwa na jua.

Ukitaka kuitambua, nyunyiza maji kidogo: ikikauka ni ya kijivu au kahawia, ikilowa huingia ubuluu. Kwa lenzi ya kukuza mara 10 utaona vinyweleo juu, kingo zilizojikunja zikifichua weupe wa chini, na vidoa vya kahawia-nyekundu. Usiibandue. Andika mahali, upande wa shina, kimo na idadi.

Vidoa hivyo hutoa spora, yaani chembe za uzazi, na hapo ndipo penye kazi. Likeni nyingi humwaga unga uliobeba kuvu na mpangaji wake pamoja. Hii haina unga huo. Spora yake hutua ikiwa kuvu tupu, nayo sharti imkute Scytonema papo hapo. Watafiti hudhani wawili hao hukutana ndani ya vifuko vya maji vya Frullania, mmea mdogo kama ukoga utambaao kwenye gome hilohilo.

Mvua ya asidi huharibu gome, na sianobakteria ndiye huumia mapema. Ukataji una hila zaidi: mti wenye likeni ukiachwa umesimama peke yake, jua na upepo huingia, gome hukauka, likeni hufa juu ya mti ulio hai. Hata usipoguswa, mti huzeeka na kuacha gome lake, kwa hiyo miche lazima iwe inakua jirani. Newfoundland miche hiyo huliwa na musi, kulungu wakubwa waliopelekwa kisiwani mwaka 1878 na 1904. Kuwapunguza nako ni kuihifadhi likeni.