Je, wajua kwa nini gesi asilia ya Mnazi Bay, kule Mtwara, haishindiliki ikawa maji?

Ukitikisa mtungi wa gesi ya kupikia uliofika nusu, utasikia kitu kinacheza ndani. Ni kimiminika. Lakini ukifungua koki, kinachotoka ni gesi. Mpwa wangu wa kidato cha tatu aliutikisa wa kwetu siku moja, tukiwa barazani Lindi, akaniuliza: "Mjomba, kama hii ni maji humu ndani, kwa nini ile ya Mnazi Bay nayo wasiishindilie hivihivi wakaipakia melini?" Nikamjibu bila kusita kwamba ndiyo kazi ya mtambo unaopangwa kujengwa Likong'o, hapa Lindi, kwa gesi ya bahari kuu. Wataishindilia mpaka iwe maji.

Jibu hilo lilikuwa bovu, na nilikuwa nimeliamini miaka mingi.

Nadhani neno ndilo lililoniponza. Mradi wenyewe unatajwa kuwa wa kuchakata na kusindika gesi asilia, na kwa mtu aliyekulia kwenye ufuta, kusindika ni kukamua. Unatia ufuta kinuni, kinu kinagandamiza, mafuta yanachuruzika. Najua neno limetanuka, siku hizi hata maembe yanasindikwa, ila ile picha ya kinu haikunitoka kichwani. Na mtungi wa jikoni ulikuwa shahidi wangu: si umeshindiliwa, na si una maji ndani?

Shahidi huyo alianguka siku nilipofikiria magari na bajaji zinazotumia gesi asilia. Gesi yao hushindiliwa kwenye mitungi minene hadi takriban mara 200 ya mgandamizo wa hewa inayotuzunguka. Mtungi wa jikoni mgandamizo wake ni mara chache tu. Kwa hesabu yangu, basi, mtungi wa bajaji ulipaswa kuwa umejaa kimiminika pomoni. Halimo hata tone. Ni gesi tupu, iliyobanana.

Nikakimbilia uzito: labda gesi asilia ni nyepesi mno. Kwa kiasi kikubwa gesi hiyo ni methani, na molekuli ya methani, yaani chembe yake moja, ina uzito wa 16 kwa kipimo cha wanakemia. Molekuli ya maji ina 18. Ni karibu sawa! Lakini maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selisiasi, na methani huchemka kwenye nyuzi 161.5 chini ya sifuri. Uzito peke yake haujibu swali.

Wanasayansi wakubwa nao walikwama hapa. Michael Faraday wa Uingereza aligeuza klorini kuwa kimiminika mwaka 1823, kisha gesi nyingine kadhaa, lakini chache zilimshinda, methani ikiwemo. Zikaitwa gesi za kudumu. Mwaka 1869 Thomas Andrews, akifanya kazi Belfast, alionyesha kwamba kabonidayoksaidi ikipita nyuzi 31 haigeuki kimiminika hata uigandamize vipi. Kila gesi ina joto lake la kikomo.

Kwa nini kuwe na kikomo? Chukua debe lenye mfuniko, tia gololi chache ulizozipaka utomvu wa mkorosho unaokaribia kukauka, unaonata kidogo tu. Litikise kwa nguvu zako zote. Gololi zinagongana, zinanatana kwa kufumba na kufumbua, kisha zinaachana, kwa sababu mwendo wao unaushinda utomvu. Sasa zihamishie kwenye kopo dogo, uendelee kutikisa vilevile. Huko ndiko kushindilia. Zinagongana mara nyingi zaidi, kweli, lakini kila mgongano unaishia palepale: zinaachana. Utabadilisha makopo mpaka uchoke.

Punguza kutikisa. Gololi mbili zinanatana na kubaki hivyo, ya tatu inadakwa, linatokea bonge, linatua chini, na juu yake panabaki nafasi. Bonge lenye uso wake wa juu ndilo kimiminika. Gololi ni molekuli, kutikisa ni joto. Kopo dogo linasaidia pale tu mtikiso uliposhuka kiasi cha utomvu kuumudu.

Utomvu wenyewe ni nini? Ni elektroni, vile vijichembe vya chaji hasi vilivyomo ndani ya kila molekuli. Zinayumba ndani ya molekuli, upande mmoja unapata chaji hasi kwa muda mfupi mno, elektroni za jirani zinajibu kwa kusogea, na hao wawili wanavutana. Mwanafizikia Fritz London ndiye aliyeieleza kani hii mwaka 1930. Ni dhaifu, na methani, chembe ndogo yenye kaboni moja na hidrojeni nne zilizoizunguka kwa ulinganifu, haina nyingine ya maana ya kuegemea. Propani na butani za mtungi wa jikoni ni minyororo ya kaboni tatu na nne. Zina eneo kubwa la kunatana. Maji ni habari tofauti kabisa: hidrojeni ya molekuli moja hunasa kwenye oksijeni ya jirani, kama ndoana.

Hivyo kikomo cha methani ni nyuzi 82.6 chini ya sifuri, cha propani kama 97 juu ya sifuri, cha maji 374. Joto la Mtwara, hata lile la Februari, linakaa chini ya kikomo cha propani na juu sana ya kile cha methani. Na kizimamoto cha kabonidayoksaidi kilichotundikwa ukutani hapa kwetu kinavuka kikomo chake mchana wa jua kali, kisha usiku kikipoa kinapata kimiminika tena, kimya kimya, bila mtu kujua.

Mfano wa gololi unachechemea mahali. Molekuli huvutana hata kabla ya kugusana, na zikikaribiana mno husukumana. Tena juu ya kikomo ukigandamiza sana unapata kitu kizito kama kimiminika ila kisicho na uso. Ukiita gesi au ukiita vingine, si hoja kubwa.

Kwa hiyo gesi ya kupakiwa melini hupozwa hadi karibu nyuzi 162 chini ya sifuri, na ujazo wake hupungua takriban mara 600. Cha kuchekesha, mashine za kushindilia zimo mtamboni, tena kubwa: hushindilia gesi za kupozea, joto likatolewa, kisha zikiachiwa zitanuke zinakuwa baridi kali, kama kwenye friji la muuza barafu. Mpwa wangu alinipa nusu maksi kwa hilo.

Tangi la melini halifanani na mtungi wa jikoni. Mgandamizo ndani yake haupiti sana ule wa nje. Limevikwa tabaka nene za kuzuia joto, kama chupa ya chai, na kile kidogo kinachovukiza huondoka na joto na kukiacha kilichobaki baridi. Mtungi unaofanya hivyo ni ule wa zamani, wa udongo, unaotoka jasho pembeni na maji yake yakabaki baridi.