Uji wa Mataifa: Usalama Wake Huanza Kabla ya Sufuria

Biashara ya unga wa uji unaovuka mipaka imekua, na malalamiko yanayofika kwenye taasisi za usalama wa chakula yameongezeka nayo. Mlaji mmoja amenunua ogi ya Nigeria, ameonja ukali na kudai imeharibika. Mwingine amekuta ukungu kwenye unga wa mahindi, ameuchekecha, ameupika muda mrefu, kisha anashangaa kuambiwa autupe. Wa kwanza ana hofu isiyo na sababu. Wa pili yuko hatarini, na ndiye mgumu wa kusikia.

Ogi ina uchachu kwa sababu ndivyo inavyotengenezwa. Nafaka hulowekwa siku moja hadi tatu, husagwa ikiwa mbichi, huchujwa na kuachwa ichachuke. Tindikali inayotokea huwanyima vijidudu wengi wa maradhi nafasi ya kuzaliana. Harufu ya kuoza au madoa ya kuvu ni jambo jingine kabisa.

Mfano wenye uzito zaidi wa jinsi utayarishaji unavyobadili chakula ni wa mahindi. Watu wa Meksiko wanaotengeneza atole, uji wao wa mahindi, kwa masa, yaani donge la mahindi ya chokaa, huchemsha kwanza punje kwenye maji ya chokaa, kisha huziosha na kuzisaga. Chokaa huifungua niasini, yaani vitamini B3, ambayo ndani ya punje imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati vizuri. Mahindi yalipofika Ulaya, mbegu ilisafiri bila utaratibu huo. Mwaka 1735 tabibu Gaspar Casal alieleza huko Hispania ugonjwa ambao baadaye uliitwa pelagra: ngozi hupasuka inapopigwa na jua, tumbo huharisha, akili huvurugika, na asiyetibiwa hufa. Wakulima maskini wa kaskazini mwa Italia, walioshindia polenta, uji wao mzito wa mahindi, waliteseka nao kwa vizazi. Nchini Marekani, Joseph Goldberger alipewa kazi ya kuuchunguza mwaka 1914 na akaonyesha kwamba chanzo ni lishe, si maambukizi. Conrad Elvehjem aliitambua niasini kuwa tiba mwaka 1937. Mwenye mlo mchanganyiko hana sababu ya kuogopa polenta. Lakini muuzaji anayefungasha unga wa kawaida wa mahindi na kuuita masa anadanganya, na hilo ni kosa la lebo hata kama unga wenyewe ni salama.

Sasa ukungu. Tumesema mara nyingi, na tunarudia: moto wa jikoni hauondoi sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu. Unaua kuvu, sumu yake inabaki. Kuchekecha hakusaidii, kuchachusha hakutoshi, na unga usio na doa lolote unaweza kuwa nayo. Uji una tatizo lake la ziada: maji yote yaliyopikia huliwa, kwa hiyo kilichokuwa kwenye nafaka kinaishia kwenye bakuli. Viwango vya watoto ni vikali zaidi, kwa sababu miili yao ni midogo. Umoja wa Ulaya huruhusu mikrogramu 2 za aflatoksini B1, mojawapo ya sumukuvu hizo, kwa kilo ya unga wa nafaka wa kawaida, lakini 0.10 tu kwenye vyakula vya nafaka vya watoto wachanga. Kwa arseniki, sumu ambayo mpunga huinyonya kutoka kwenye udongo na maji, kikomo katika mchele wa chakula cha watoto ni miligramu 0.10 kwa kilo. Mzazi anayependa kumpikia mtoto uji wa mchele wa mtindo wa Kichina abadilishe nafaka. Asimpe huo kila siku.

Kuhusu lebo, kiwango cha Codex, mfumo wa kimataifa wa viwango vya chakula, kinataka unga wa mtoto utaje umri wa kuanza kuutumia, na umri huo usipungue miezi 6.

Ukitaka kulalamika kwa taasisi ya usalama wa chakula, usihamishie unga kwenye chombo kingine. Acha kwenye mfuko wake, funga, tunza risiti, nakili namba ya toleo (kundi la unga uliotengenezwa pamoja) na tarehe ya mwisho wa matumizi. Usilete kijiko kimoja ukitegemea majibu kamili: sumukuvu hujikusanya kwenye punje chache, hivyo mkaguzi huchota sehemu nyingi za shehena, huchanganya na kusaga, ndipo hupima. Kikomo kikizidi, toleo zima huondolewa sokoni. Kwa kawaida mwenye mzigo ndiye hubeba gharama za kuuteketeza au kuurudisha ulikotoka, na haruhusiwi kuuchanganya na unga safi ili kushusha kipimo. Adhabu nyingine hufuata sheria za nchi husika.