Tovuti ya biashara haiishii siku ya kuzinduliwa

Wafanyabiashara wengi Dar es Salaam huamini kwamba tovuti ikishatengenezwa na kulipiwa, kazi imekwisha. Inaeleweka: kibao cha duka hupakwa rangi mara moja kikadumu miaka.

Tovuti haiko hivyo. Jina lake, tuseme linaloishia na .co.tz, hulipiwa kwa kipindi, kwa kawaida mwaka. Muda ukipita bila malipo, tovuti huzimika pamoja na barua pepe zinazotumia jina hilo. Cheti cha usalama, kinacholinda mawasiliano kati ya mteja na tovuti, nacho huisha, vingi vya bure ndani ya siku 90, na hapo kivinjari (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome) humwonya mteja kabla hajaona bidhaa hata moja.

Jikagulie mwenyewe. Zima Wi-Fi, fungua tovuti kwa bando la simu. Picha ya MB 4 iliyopandishwa jinsi ilivyotoka kwenye kamera humchosha mteja wa Mbagala mwenye bando dogo. Ipunguze hadi chini ya KB 200. Kisha jaza fomu ya mawasiliano, uangalie kama ujumbe umekufikia, hata kwenye folda ya barua taka. Hapa ndipo fedha za matangazo hupotea kimyakimya: tangazo linamleta mteja, fomu inammeza. Bei nazo zipitie kila mzigo mpya unapoingia Kariakoo.