Serikali niliikuta kwa benchi ya chifu

Nikisema mimi ni mwanaanthropolojia na kazi yangu ni kusoma serikali, watu wanafikiria bunge ama Ikulu, kumbe siku nyingi niko kwa benchi nje ya ofisi ya chifu, huku pembeni mwa Kisumu, nangoja na wenye kungoja. Serikali nzima nzima hakuna mtu amewahi kuiona. Unachoona ni karani ameenda lanchi, mhuri uko kwa droo, ufunguo anao yeye, na kijana ametoka mbali nauli ya bodaboda imeshaisha. Hapo ndo naanzia.

Shida ni kwamba hata mimi naonekana serikali. Ilibidi nipate kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi, nikipeleke kwa kamishna wa kaunti, ndo nishuke mpaka kwa chifu, so nilifika na barua imejaa mihuri. Siku ya kwanza tu dani mmoja, yaani nyanya kwa Kijaluo, akanisogelea, "Nyathina (mtoto wangu), nisaidie, kipande ya mjukuu wangu imekwama." Kipande! Hilo neno tunalitumia tu hivi hivi kumaanisha kitambulisho, na miaka ya 1920 ilikuwa karatasi ya mkoloni, wanaume Waafrika wanalazimishwa kuibeba shingoni kwa kikebe cha chuma. Nikamwambia mimi ni mtafiti tu, akaweka kidole juu ya mhuri wa barua yangu, akaniangalia. Hakuniamini, na alikuwa na haki.

Nikamjazia fomu. Kuna wenzangu watasema nimeharibu utafiti, mimi sikubali kabisa, huyu mama amenipa asubuhi yake yote alafu nikae namwangalia akihangaika? Na ni kwa hiyo fomu niliona kilichokwamisha: Ochieng' wa kitambulisho cha baba, kwa cheti cha mtoto kale kaalama ka mwisho hakapo. Kwa makaratasi hao ni watu wawili.

Laura Nader, mwanaanthropolojia wa Marekani, alituhimiza 1972 tusisome wanyonge peke yao, tusome na wenye mamlaka. Kwa hivyo chifu pia ni mshiriki wa utafiti wangu, na ananieleza mengi, mpaka vile ananunua kredo na pesa yake kufuatilia kazi za watu. Siku moja akaniuliza, "Madam, hawa huko nje wanasema nini juu yangu?" Nikamwambia, "Chifu, yao siwezi kukuletea, na yako pia siwapelekei." Akanyamaza kitambo, akanimiminia chai. Usiku huo nilifuta majina yote kwa daftari nikaweka namba, na yake nayo.