Azimio la Dar es Salaam la 1977 halikuwa siasa za Nyerere

Kila ninapofundisha wazee wa kanisa kuhusu wajibu wa usharika katika masuala ya haki na ubaguzi wa rangi, haipiti nusu saa kabla mtu hajasimama na kusema kwamba hayo ni siasa, na kwamba hata lile azimio la Walutheri lililopitishwa Dar es Salaam mwezi Juni 1977, lililotamka kwamba utengano wa rangi katika makanisa ya kusini mwa Afrika ni jambo la imani, lilikuwa la kumfurahisha mwenyeji wao, Mwalimu Nyerere. Juma lililopita nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa mchungaji aliyefaulu mtihani wa maungamo. Basi naandika.

Yaliyo kweli katika dai hilo nayakubali upesi. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika ukombozi wa kusini mwa Afrika, Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na mauaji ya wanafunzi weusi huko Soweto, Afrika Kusini, yalikuwa ndiyo kwanza yanatimiza mwaka. Hakuna mjumbe aliyeketi ukumbini bila kuyajua hayo. Lakini atakayeisoma hati yenyewe, jambo ambalo wabishi wangu hawajalifanya, hataikuta humo hoja ya Nyerere. Ataikuta hoja ya Ungamo la Augsburg, tamko la msingi la imani ya Kilutheri.

Kifungu cha 7 cha Ungamo hilo la 1530 kinasema kwamba kwa umoja wa kweli wa Kanisa yatosha kukubaliana katika kuihubiri Injili na kuziadhimisha sakramenti. Hakuna sharti la tatu. Sasa tazama kusini mwa Afrika: mwaka 1975 makanisa ya Kilutheri ya Waafrika yaliungana kuwa kanisa moja, na yale ya wazungu wenye asili ya Ujerumani yakabaki nje, ilhali wote walikuwa wakifundisha watoto wao Katekisimo Ndogo ya Luther ile ile. Hawakuwa na ugomvi juu ya ubatizo wala juu ya kuwapo kwa Kristo katika Chakula cha Bwana. Kilichowatenga ni rangi, na kwa kuwatenga rangi ilikuwa imejiandika yenyewe kuwa sharti la tatu. Hapo ndipo Mkutano Mkuu wa Shirikisho la Kilutheri la Dunia ulipotamka kwamba kuna hali ya ungamo.

Na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo ninapoudhika zaidi, hata na wale wanaoniunga mkono. Watu hulitumia jina la hali ya ungamo kana kwamba maana yake ni dhambi kubwa mno. Sivyo. Wizi wa sadaka ni dhambi kubwa, lakini hakuna anayeitisha mkutano wa dunia kwa ajili yake. Asili ya jambo hili ni mwaka 1548, Kaisari Karl wa Tano alipowashurutisha Walutheri kuzirudia baadhi ya desturi za Kikatoliki walizokuwa wameziacha. Wapo waliosema kwamba mavazi na sherehe ni adiafora, Mungu hakuviamuru wala hakuvikataza, basi tukubali tuishi. Mwanateolojia wa Kilutheri Matthias Flacius akakataa: pale ungamo linapodaiwa, hakuna tena kitu cha adiafora. Fomula ya Konkordia ya 1577, hati nyingine ya maungamo ya Kilutheri, iliithibitisha hoja hiyo katika kifungu chake cha 10. Kwa hiyo hali ya ungamo haipimi uzito wa dhambi. Inasema kwamba katika jambo hili, kukubaliana kutofautiana kwenyewe ni kuikana imani.

Ndiyo maana hati ya 1977 inakiri kwamba katika hali ya kawaida Wakristo wanaweza kutofautiana katika mambo ya siasa, kisha inaeleza kwamba ipo mifumo iliyopotoka na kukandamiza kiasi kwamba kuikataa kunapatana na ungamo lenyewe. Ombi lake mahsusi halikuelekezwa kwa serikali ya Pretoria, bali kwa makanisa wanachama ya wazungu. Mwanasiasa gani huandika hivyo?

Haya hayamaanishi kwamba sina mashaka. Shirikisho la Kilutheri la Dunia wakati ule lilikuwa muungano huru wa makanisa. Halikuweza kuamuru, liliweza kusihi tu. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa kuwa Rais wake, alichaguliwa katika mkutano huo huo, na ulipofika Mkutano Mkuu wa Budapest mwaka 1984 alikuwa anamaliza muda wake. Huko Budapest ndiko uanachama wa makanisa mawili ya wazungu uliposimamishwa. Miaka saba! Je, ulikuwa uvumilivu wa kichungaji au woga? Jibu langu hubadilika.

Shaka la pili liko nyumbani. Tunamheshimu Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyejenga sharika za Old Moshi juu ya ukoo, ujirani na rika, na tuna sababu za kumheshimu. Hata hivyo, fikra za kimisheni za Kijerumani zilizolitazama kabila kama chombo halali cha kulijenga Kanisa zilitumiwa pia Afrika Kusini kutetea makanisa yaliyotenganishwa kwa rangi. Huko Rasi ya Tumaini Jema, sinodi ya Wareformati wa Kiholanzi, Waprotestanti wa mapokeo ya Calvin, ya mwaka 1857 iliruhusu ibada za kutengana kwa ajili ya udhaifu wa baadhi ya waumini, na kufikia 1881 ruhusa hiyo ilikuwa imezaa kanisa zima la watu wasio wazungu. Mpaka kati ya ibada ya lugha ya nyumbani na mlango uliofungwa siwezi kuuchora kwenye karatasi.

Wanafunzi huniuliza kuhusu usharika ambamo uongozi huenda kwa kabila moja tu. Kwa mantiki ya 1977, ikiwa mgeni anapokewa Mezani pa Bwana, hiyo si hali ya ungamo; ni dhambi ya kawaida, ya kushughulikiwa na halmashauri ya dayosisi. Hawalipendi jibu hilo. Mmoja aliuliza kama mtu anayekaribishwa Mezani, lakini hawezi kamwe kuchaguliwa mzee wa kanisa, kweli amekaribishwa. Kwa swali hilo kifungu cha 7 hakinisaidii, na nimeanza kudhani kwamba Wareformati wa Afrika Kusini walituzidi katika Ungamo la Belhar, walilolitunga mwaka 1982 na kulipitisha rasmi 1986, kwa kuwa wao waliiweka haki yenyewe ndani ya ungamo, pamoja na umoja na upatanisho, wakati sisi tuliifikia haki kwa kupitia umoja tu.