Dawa ya tangini haizibui jeti: dhana potofu kuhusu kabureta ya jenereta

"Nimeshaweka dawa, fundi." Maneno hayo huyasikia kabla jenereta yenyewe haijashushwa. Imekaa miezi sita bila kuwashwa, sasa inawaka kwa choki tu, yaani kile kibati cha kubana hewa wakati wa kuwasha; ukiirudisha choki inazima. Au inawaka lakini inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama kuna mtu anachezea mkono wa mafuta. Mwenyewe amemimina chupa nzima ya dawa ya kusafishia mfumo wa mafuta ndani ya tangi, amevuta kamba mpaka bega limemuuma, na sasa anataka nimwambie kama aliuziwa dawa feki.

Dawa huwa si feki. Huwa haijafika tu panapohusika.

Petroli ikilala ndani ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, sehemu zake nyepesi huruka zikaenda, maana chemba ya floti, kile kikombe cha petroli chini yake chenye boya, ina tundu la kupumulia. Kinachobaki hukutana na hewa, kikageuka utomvu: mwanzo kama asali nyepesi, baadaye kigumu kama vanishi, rangi ya kahawia, chenye harufu kali ya uchachu ambayo ukishainusa mara moja hutaisahau. Utomvu huo huumiza zaidi palipo pembamba. Jeti ni kipande kidogo chenye tundu la kupimia petroli. Main jeti, ile kubwa, ya injini ndogo ina tundu lisilofika milimita 1, na jeti ndogo ya mwendo wa chini ni nyembamba kuliko hiyo. Huko ndiko kunakoziba.

Sasa fikiri kidogo. Dawa huyeyusha kile inachokigusa, na hukigusa kwa kubebwa na petroli inayopita. Tundu likishaziba kabisa, petroli haipiti, basi na dawa iliyomo haipiti. Injini itavuta kupitia njia zilizo wazi, na dawa yako itasafisha vizuri sana njia ambazo hazikuwa na uchafu. Ni kumpa kidonge mtu aliyekabwa koo na kumwambia ameze. Sisemi dawa haina kazi. Jeti ikiwa imeanza tu kubanwa, injini ikawa bado inawaka na kubeba mzigo, dawa ndani ya petroli mpya na kuiendesha saa kadhaa vinaweza kuirudisha. Lakini mtu hanijii katika hali hiyo. Hunijia jenereta ikiwa imekufa.

Pacha wa dhana hii ni ile ya kupulizia dawa ya kopo kwenye mdomo wa hewa. Injini inaamka, inanguruma sekunde tano, inazima, na mtu anafurahi: "Unaona? Inaanza kuzibuka!" Hakuna kilichozibuka. Dawa ile inashika moto, kwa hiyo injini imeinywa kama mafuta, ikaisha, ikalala tena. Ulichofanya ni kipimo, tena kipimo kizuri: sasa unajua plagi inatoa cheche, mgandamizo upo, na shida ni mafuta kutofika.

Hakuna njia ya mkato, kabureta lazima ifunguliwe. Funga koki ya mafuta, chomoa waya wa plagi, weka chombo chini ya chemba kisha legeza bolti yake. Kitazame kinachomwagika: matone yanayobingirika chini ya petroli bila kuchanganyika nayo ni maji, na hapo tatizo limeanzia tangini. Kabla ya kuchomoa springi na vyuma vya gavana, kile kidhibiti cha mwendo wa injini, vipige picha. Nawaomba, pigeni picha! Vitundu vya kuningʼinizia springi hufanana, na nimeshapokea jenereta nyingi zilizosafishwa vizuri kisha springi ikarudishwa pasipo pake.

Toa pini ya floti, floti na sindano yake. Jeti ni ya shaba, nayo ni laini, kwa hiyo tumia bisibisi inayojaa mfereji wake. Bisibisi nyembamba itachana kichwa na hutaitoa tena. Juu ya main jeti kuna mrija wenye vitundu vya ubavuni, usiuache ndani kwa kudhani ni sehemu ya kabureta. Oringi (vile vipete vya mpira) na gasketi zitoe kwanza, kwani dawa ya kopo huvimbisha mpira. Vaa miwani pia: unapulizia tundu hili, dawa inatokea tundu jingine kwa kasi, na aghalabu inaelekea jichoni. Loweka, pulizia, kisha maliza kwa upepo wa kompresa kwenye kila njia. Inua jeti kwenye mwanga. Ukiona mwanga una ukingo uliomegeka, bado. Unatafuta duara kamili.

Na ile jeti ndogo? Wengi husafisha kila kitu wakaiacha. Kwenye kabureta nyingi za injini ndogo ni kipande cha plastiki kilichojificha chini ya skrubu ya kuzuia mwendo, hakifanani na jeti hata kidogo. Huyo ndiye mkosaji wangu wa kwanza jenereta inapopanda na kushuka bila mzigo halafu ikatulia ukiwasha vifaa. Bila mzigo gavana inakuwa karibu imefunga njia ya hewa, injini inategemea jeti hiyo. Mzigo ukija njia inafunguka na main jeti inachukua kazi. Ukivuta choki nusu ikatulia, umepata uthibitisho kwamba petroli ni pungufu.

Hapo ndipo inapoingia dhana ya gavana. "Gavana imelegea, nimeikaza." Usiiguse. Jenereta ya kawaida, isiyo ya invata (ile inayopanga umeme wake kwa kielektroniki), yenye nguzo mbili za sumaku huzunguka mara 3,000 kwa dakika ili kutoa umeme wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na 3,600 kwa hezi 60. Ukikaza springi ili kuficha jeti chafu, umepandisha hezi na volti kwa pamoja, na vifaa vyako ndivyo vitakavyolipa.

Kuchokonoa jeti kwa sindano ya kushonea au waya wa chuma ni kosa ninaloliona mpaka kwa mafundi wenzangu. Tundu likipanuka kwa asilimia 10 ya upana wake, eneo linaongezeka kwa asilimia 21. Hapo utapata moshi mweusi, plagi yenye masizi na kaboni monoksidi nyingi zaidi, na jeti haina namna ya kurudishwa. Ikibidi kuchokonoa, mimi huchukua unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme wenye nyuzi nyingi, mwembamba kuliko tundu, na siuzungushi.

Dawa ya kutunza petroli haifufui petroli iliyokwisha kuharibika. Huwekwa kwenye petroli mpya, kisha injini inaendeshwa kama dakika 10 ili ifike mpaka kwenye kabureta. Nayo koki ukiifunga mpaka injini izime yenyewe, chemba haijawa tupu. Mafuta yaliyo chini ya mdomo wa jeti hubaki, na ni hayo hayo yatakayoganda. Fungua skrubu ya chini ya chemba umwage. Ni kazi ya dakika moja, sijui kwa nini watu huiogopa.

Wenye magari ya kambi, yale yenye vitanda na jiko ndani, wana balaa lao. Jenereta nyingi za magari hayo hunywa kutoka tangi moja na gari, na mrija wake wa kunyonyea umewekwa juu makusudi ili isimalize mafuta ukakwama njiani. Tangi likishuka karibu na robo, jenereta inazima. Nimeletewa kabureta imeshafunguliwa vipande vipande, na kosa lilikuwa geji ya mafuta ambayo hakuna aliyeitazama. Kuiwasha dakika tano kila mwezi ili "isilale" nako hakutoshi. Iendeshe saa 2 kwa mwezi, ikiwa imebeba karibu nusu ya mzigo wake, ipate joto la kweli na petroli ya zamani itoke kwenye chemba.

Mwisho ni wale waliochoka kabisa na kununua kabureta mpya. Siwalaumu, wakati mwingine alumini imeliwa na kutu nyeupe na hakuna cha kuokoa. Ila huifunga juu ya petroli ile ile ya mwaka jana, na chujio lile lile, na mpira ule ule wa mafuta unaomeguka kwa ndani. Baada ya wiki chache wananirudia wakisema kabureta za siku hizi ni mbovu. Mimi huenda moja kwa moja kwenye mfuniko wa tangi, nikaufungua, nikawaambia wanuse.