Dawa za kusafisha utumbo na athari zake kwenye utando wa utumbo mpana

Mgonjwa anayeandaliwa kwa kolonoskopi, yaani kipimo cha kuangalia utumbo mpana kwa kamera, hunywa dawa inayomharisha mpaka choo kinapokuwa maji ya manjano yasiyo na chembe. Wengi huichukulia dawa hiyo kama maji ya kusuuzia bomba. Hata hivyo, kinachosuuzwa hapa ni tishu hai, na baadhi ya dawa huiachia alama ambazo daktari asiyejua mgonjwa alikunywa nini anaweza kuzidhania kuwa ugonjwa.

Utando wa ndani wa utumbo mpana umefunikwa na safu moja tu ya seli, ambazo hujifanya upya kila baada ya siku chache, na juu yake hukaa ute unaowazuia bakteria wasiuguse ukuta wenyewe. Kuharisha kwingi hupunguza ute huo pamoja na bakteria, lakini kwa kawaida bakteria hao hurejea ndani ya wiki chache.

Aina ya dawa ndiyo yenye uzito zaidi. Polietilini glaikoli ni molekuli kubwa isiyofyonzwa kwa kiasi cha maana, na kwa kuwa huchanganywa na chumvi kwa kiwango kinachokaribia kile cha damu, haivuti maji mengi kutoka mwilini wala haiyaingizi, bali hupita na kuondoka na uchafu. Ndiyo maana mgonjwa huagizwa kunywa lita 2 hadi 4, kiasi ambacho karibu kila mtu hukilalamikia, ingawa kwa maoni yangu kero hiyo inavumilika ukilinganisha na usalama wake kwa utando.

Fosfeti ya sodiamu hufanya kazi kinyume chake: hunywewa kidogo, ikiwa kali, na huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza utumboni. Kwa baadhi ya wagonjwa huacha vidonda vidogo vya juu juu, vyeupe katikati na vyekundu pembezoni, hasa kwenye puru na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Vidonda hivyo hufanana na vile vya mwanzo vya ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo, na hata chini ya hadubini huweza kuonekana seli zinazokufa na seli nyeupe za damu zilizokusanyika. Dawa hiyo inaweza pia kudhuru figo, jambo lililoifanya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani kutoa onyo kali mwaka 2008. Pikosalfeti ya sodiamu iliyochanganywa na magnesiamu nayo huweza kuacha vidonda vya namna hiyo.

Kwa hiyo, mtu anayechunguzwa kwa sababu ya kuharisha kwa muda mrefu au kutoka damu ni vyema apewe polietilini glaikoli, na jina la dawa aliyokunywa liandikwe kwenye fomu ya kipimo, ili mtaalamu anayechunguza kipande kidogo cha utando kilichochukuliwa wakati wa kipimo asije akamtwisha mgonjwa ugonjwa wa maisha kwa sababu ya alama za dawa.

Enema za kujitengenezea, yaani vimiminika vinavyoingizwa utumboni kupitia njia ya haja kubwa, ni suala jingine kabisa. Maji ya sabuni na peroksaidi ya hidrojeni huweza kuunguza utando moja kwa moja, na maumivu makali ya tumbo au damu baada ya kuzitumia ni dharura ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.